Ukuta wa Chumba cha Mama

S.L.P. 37,
Kianjai, Meru.
16 Novemba 2025

Mpendwa kaka Riungu,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Huko ughaibuni kazi inaendeleaje, na kile kifua chako kimepona? Sisi tunapumua, Mungu anatushika. Mvua imenyesha vizuri na mahindi yamefika magotini.

Kaka, kaa chini kwanza. Nimevunja ukuta wa nyumba yako bila ruhusa.

Unajua tangu kiharusi kimpige, Mama hatoki kitandani. Chumba ulichomjengea ni imara, lakini kwa kuogopa wezi uliwaagiza mafundi waache kitundu cha hewa tu, juu karibu na dari. Taa iliwaka humo kutwa. Mama akawa hajui asubuhi wala jioni. Nikimpelekea uji wa asubuhi ananiuliza kwa nini sijalala. Wiki iliyopita aligeukia ukutani, akakataa chakula siku tatu.

Nilimwita Regina, yule muuguzi wa zahanati. Alimpima, kisha akanivuta kando. "Dawa zake ni sawa. Lakini huyu ni mkulima, Kiende. Mmemfungia ndani ya sanduku."

Nilikupigia simu mara tano, hukupatikana. Alhamisi nikamleta fundi Ndambiri kutoka Embu. Aliugonga ukuta wa mashariki, akasita.

"Mwenye nyumba amekubali?"

"Anayelala humo amekubali," nikamjibu.

Tulimhamishia Mama sebuleni. Mawe ya kwanza yalitoka vizuri. La saba lilipong'olewa, ufa ulipanda hadi kwenye dari, vumbi likamwagika, na Ndambiri akapiga kelele tutoke. Nilisimama nje nikiwaza nitakuambia nini nyumba ikilala chini. Nguzo alizokuwa ameegemeza kushikilia dari zililia, lakini zilishika. Hatukuthubutu kuingia kwa muda mrefu. Baadaye alimimina linta ya zege ya kubeba ukuta juu ya dirisha, akaziba ufa, na jana akafunga dirisha pana lenye grili nzito. Wezi usiwahofu.

Leo asubuhi tulimrudisha Mama. Jua lilichomoza juu ya milima ya Nyambene likamwangukia usoni. Alifumba macho, akafumbua, akatazama shamba. Kisha akafoka, ulimi mzito hivyo hivyo: "Kiende! Nani amewaacha mbuzi wa Mutugi kwenye maharagwe yangu?"

Nilikimbia kuwafukuza mbuzi hao wa jirani huku nikilia. Niliporudi, alikuwa ananyoosha mkono wake mzima kutafuta bakuli la uji.

Ukikasirika, nikasirikie mimi. Ila usimwagize fundi yeyote aliguse dirisha hilo.

Wasalimie shemeji Kagwiria na mtoto Mwenda. Mwenyezi Mungu akufunike popote ulalapo.

Dada yako akupendaye, hata ukinuna,
Kiende