Kunde za Kwenye Jivu

Arusha, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Zaina mdogo wangu, wewe unayemsomea, nakusalimu pia, na kabla hujaendelea nakuomba usiruke mstari hata mmoja. Nakujua. Ukifika pabaya unakohoa kidogo, kisha unahamia chini. Leo soma kama nilivyoandika, mama asikie kutoka kwangu mwenyewe.

Mgongo unaendeleaje, mama? Maji yamefika hapo kijiji kipya, au bado mnayafuata kule kule korongoni? Na wajukuu, wale mapacha wa Zaina, wameacha kukohoa? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, gari la idara naliendesha kama kawaida. Roho ndiyo haijatulia tangu Jumanne, ilipofika barua yenu ya kuuliza kama ile mbegu ya kunde nimeiweka pakavu.

Mama, mbegu haipo. Nimeila.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana kosa halikuanzia kwenye kula. Mliponiandikia kwamba mmeshahamia, na kwamba nyumba ina kuta lakini haina paa, mkaniomba nije likizo niezeke, niliwajibu kwamba mkubwa wangu amekataa. Ulikuwa uongo. Likizo nilipewa, wiki mbili, karatasi ikapigwa muhuri. Nilikuwa nimeshapanga na Saitoti, fundi wa hapa karakana, kwenda kutembea.

Utauliza, kutembea kwa nani? Si kwa mtu, mama. Kuangalia nchi tu. Saitoti amefufua mkweche wa Landrova uliotupwa na shamba moja la mkonge, akawa hana dereva wa kumwamini porini. Nami miaka yote hii nawapeleka wakubwa kwenye milima na maziwa. Wao wanashuka wanatazama, mimi nabaki natazama tairi. Likizo zangu zote nimekuja nyumbani kushika jembe. Safari hii nilitaka nishuke mimi. Sisemi hivyo ili unionee huruma, nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Siku mbili kabla ya kuondoka, Mjomba Rajabu akatokea getini, katoka Mkumbara na vitunguu vyake vya kuuza. Nilimwona kupitia dirisha la karakana, na kikapu chako mkononi. Nami nilikuwa nimeshika sufuria na madebe ya safari. Nikamwambia mlinzi aseme nimekwenda porini kikazi, nikajificha nyuma ya pipa la oili, mtu mzima na ndevu zangu. Ndugu yako alinisubiri juani mpaka adhuhuri.

Alipoondoka, mlinzi akaniletea kikapu. "Mjomba wako kasikitika kweli," akasema. "Kasema ni cha mama yako, usikifungue hovyo. Mengine alitaka kukwambia mwenyewe." Ndani nikakuta unga wa makopa ya muhogo na kile kibuyu kilichozibwa kwa gunzi, kimefungwa kipande cha kanga. Nikajiambia, mama kaniletea chakula. Nikakipakia chote garini.

Tukapita Mto wa Mbu, tukashika njia ya ziwa la magadi, Natron. Huko barabara hakuna, unafuata alama za magurudumu ya waliotangulia. Ukifika korongo la mchanga unashuka kwanza, unalivuka kwa miguu. Mguu unapozama, na gurudumu litazama hapo hapo. Unapunguza upepo wa tairi, unatia gia nzito, na ukishaingia huigusi breki wala hubadilishi gia mpaka ng'ambo. Saitoti alitaka kubeba nyanya, nikamkatalia, maana kwa mtikisiko ule zinakuwa mchuzi kabla ya saa nne. Unabeba vitunguu, nyama iliyokaushwa na unga wa makopa, ambao hauozi na unashiba nao kutwa. Kunde unaziloweka asubuhi kwenye debe lenye mfuniko, gari lizitikise mchana kutwa, na jioni zimelegea.

Unaona, mama? Hata kwenye kuungama najisifu udereva.

Basi ilikuwa asubuhi, tuko Engaruka, Saitoti akasema leo tuloweke kunde, jioni tutakuwa ziwani, tuzipike kwa magadi. Nikalichomoa lile gunzi humo ndani ya gari, nyuma, nikamimina. Likatoka jivu kwanza, na kunde nyingine zikamwagika sakafuni kwa pupa yangu.

"Mbona zina jivu?" Saitoti akauliza.

"Ndivyo tunavyotunza kwetu," nikamjibu. "Wadudu wasizitoboe."

Mkono wangu ulisita, mama. Mimi ni mtoto wako. Najua kwamba kwako kunde za kula hukaa kwenye gunia, na za kwenye jivu ni za shambani, nawe ulishawahi kunichapa nilipozigusa. Hatukuwa na njaa. Nyama ilikuwepo na unga ulikuwepo. Nilitamani tu kunde za nyumbani, nikajiambia labda mwaka huu wametunza vingine, nikatia maji.

Jioni tulifika. Mlima wa Lengai umesimama peke yake, ziwa limetanda jekundu na jeupe, na ndege wale heroe ni wengi mpaka ukingo hauonekani. Saitoti akakwangua magadi ukingoni mwa ziwa, kunde zikaiva upesi, tukala na ugali wa makopa yako. Zilikuwa tamu. Nilifurahi, mama, sijawahi kufurahi vile tangu nianze kazi, na ndicho kinachonichoma zaidi.

Kisha narudi, na Jumanne inanifikia barua ya Zaina. Unasema nyumba bado haina paa, kwa hiyo hakuna dari wala moshi wa kutunzia mbegu. Unasema unga wa kula umekwisha, na wajukuu wakilia utashindwa kuuzuia mkono wako. Ndiyo maana ukaniletea mimi niitunze mpaka vuli, kwa kuwa huku ni mbali, mkono hautafika. Mkono wako haukufika kweli. Wangu ndio uliofika. Na kama ningekuja kuezeka, mbegu isingetoka Handeni hata kidogo.

Nimemweleza Saitoti yote. Akasema, "Kumbe pale Engaruka ulijua." Nikamwambia nilijua. Kesho yake alianza kuitengeneza Landrova, na amesema atakuja nami tubebe nyasi na miti ya paa. Nimemwomba mkubwa wangu ruhusa nyingine, na safari hii nimemweleza ukweli. Ijumaa tunaondoka. Nitakuja na gunia la unga na kunde za sokoni. Najua si zile alizotuachia bibi, zinazowahi kuiva kabla jua la Handeni halijakausha udongo. Huna haja ya kunipokea vizuri.

Nisalimie Mjomba Rajabu. Mwambie nilikuwepo, nyuma ya pipa, na nitapita Mkumbara kumwomba radhi ana kwa ana. Nisalimie shangazi anayekuazima kinu, na shemeji yangu, mume wa Zaina, aliyesimamisha kuta peke yake siku nilizokuwa natazama ndege. Wabusu mapacha.

Barua hii anakuja nayo dereva wa basi, atamwachia mjomba. Zaina, ifungue taratibu juu ya ungo. Jana niliondoa viti vyote vya Landrova, nikafagia kila pembe kwa mkono. Nimezikuta kunde kumi na tisa za zile zilizomwagika, kavu, hazijatobolewa. Nimezifunga humu ndani ya barua, kwenye kile kipande cha kanga yako, mama, na nimezitia jivu.

Mwanao mkosaji,
Athumani