Kila Mama Aliandika M

Mama Nasambu mpendwa, barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa sababu ukiiangalia kwa juu ni habari ya tisheti tu, na najua wewe unaandikiwa gazetini na watu wenye ndoa zinazovunjika na mashamba yaliyonyakuliwa, lakini tisheti hii imenifukuzia mtu darasani na sijui nitamrudisha vipi, kwa hivyo nivumilie.

Mimi ni mwalimu hapa Malaba, si wa shule, nafundisha kuandika programu za kompyuta kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, ile kazi vijana wanaita koding, na darasa langu ni la mtaa, yeyote anaingia, niko na matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, niko na wasichana waliomaliza kidato cha nne, niko na Kizito ambaye huvusha mizigo mpakani kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu, anaiendesha kwa mikono kwa sababu miguu yake haitembei, na niko, au niseme nilikuwa, na mama mmoja nitakayemwita Benedetta, si jina lake, ana miaka hamsini na kitu, na anauzia madereva ugali na samaki kwenye foleni ya malori.

Nikueleze kidogo kuhusu huyu mama ndio unielewe. Alikuja hajawahi kugusa kompyuta, na shida iliyomleta ilikuwa moja tu, kwamba dereva anaagiza chakula akiwa nyuma kule kwenye kituo cha mafuta, halafu foleni inasonga, binti yake anafika na sahani hamkuti, anaanza kuuliza lori baada ya lori mpaka ugali unapoa, basi mama akakaa na mimi miezi minne, kidole kimoja kimoja, akaandika programu ambapo dereva anatuma namba ya lori na mahali alipo, na akisonga anatuma tena, na binti anaona kwenye simu aende wapi kwanza. Inafanya kazi, Mama Nasambu, mimi mwenyewe nimeijaribu, na wakati huo wengine wetu darasani tulikuwa bado tunahangaika na kikokotoo cha kujumlisha mbili na mbili. Tarehe ishirini na nane tunafunga mafunzo, wageni watakuja, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuonyesha kazi yake.

Sasa tisheti. Tulikubaliana siku hiyo sote tuvae tisheti moja, na kazi ya kuibuni nikaitaka mimi, nikaipenda kupita kiasi, wiki mbili nilikuwa naangalia watu barabarani kama mwizi, naangalia mshono wa bega unakaa wapi, kwa nini mtu akiinama anavuta tisheti kwa nyuma, kwa nini wanawake wengine wanakata lebo ya shingoni na wengine wanaiacha, na rangi nikachagua kijivu maana rangi nyingine zote huku kwetu zina wagombea wake wa kisiasa, nikachora foleni ya malori mgongoni, ikapendeza. Saizi nikauliza kwenye grupu ya WhatsApp, nikasema kila mtu aandike jina lake na herufi, na dakika kumi hazikuisha orodha ikajaa. Kila mama aliandika M. Wote, Mama Nasambu. Akiror, ambaye ana mtoto wa miezi mitano, M. Benedetta, M. Vijana nao wote L, hata wale ambao kiuno chao naweza kukishika kwa mikono miwili, mimi pia niliandika L, ingawa fundi wangu hunishonea ndogo, lakini hilo si la maana hapa. Nikafurahi orodha imekuwa rahisi, M kumi na tatu na L kumi na saba, nikapeleka kwa mchapishaji hivyo hivyo.

Zikaja. Nilikuwa na kipaza sauti cha kanisa, nikaita watu jina kwa jina, waje wachukue, wavae, tupige picha. Kwanza ule ukumbi ni wa mabati na kijivu kinaonyesha jasho, kwa hivyo kabla ya picha kila kwapa lilikuwa na ramani. Kizito mikono yake ni minene kwa ile kazi ya kusukuma pedali, tisheti ikambana, akaomba wembe akakata mikono ya tisheti pale pale, tukapiga makofi. Akiror alipotaka kunyonyesha ilibidi apandishe tisheti yote mpaka kifuani, akaenda kujificha nyuma ya mlango. Benedetta aliingia chumba cha vyombo vya kwaya, akakaa huko kidogo, akatoka na gauni lake lile lile na tisheti ikiwa begani, akasema kwa upole, "Hii nitavaa nyumbani, mwalimu." Na mimi, na kipaza sauti mkononi, nikasema, "Mama usijali, wewe tutakuagizia ya special." Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, naapa, lakini walicheka. Kwenye picha amesimama pembeni, ameishika tisheti mbele ya tumbo na mikono yote miwili.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikafikiri ni kazi. Nikaagiza tisheti nyingine upesi, na ilipofika nikaandika kwenye grupu, kwa nia njema kabisa, "Mama Benedetta, XXL yako iko tayari, karibu uichukue." Baada ya dakika mbili simu ikaniambia ametoka kwenye grupu. Hiyo ni wiki mbili zilizopita na sijamwona tena, napita kwenye foleni namwona binti yake tu, anazunguka na sahani akiuliza kama zamani.

Kitu kingine ambacho lazima nikuambie, kwa sababu kinanisumbua akili. Baada ya hayo nilienda kwa Mercyline, anauza mitumba hapa sokoni, nikakaa karibu na meza yake asubuhi nzima kuangalia watu wananunuaje, na hakuna hata mmoja aliyetaja herufi. Mtu anafika, Mercyline anamwangalia mara moja, anachomoa blauzi kwenye rundo, anaishikisha mabegani mwa mteja, inakaa. Nikamwuliza anajuaje. Akaniambia, "Boss, mimi siangalii tumbo. Naangalia mabega. Tumbo mtu anaweza ficha, mabega hawezi." Nimelifikiria hilo siku tatu. Sasa nakuuliza, Mama Nasambu, mtu mzima anaulizwaje saizi yake, mbona watu wote wanadanganya kitu ambacho kila mtu anakiona kwa macho, na nifanye nini Benedetta arudi kabla ya tarehe ishirini na nane, maana zimebaki siku kumi na moja.

Ni mimi Echodu, Malaba.

*

Echodu mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kazi na ya pili kwa sababu umenitia hamu ya kujua. Umefanya vizuri kumbadilishia mama huyo jina. Lakini ulisahau kwamba Malaba ni ndogo, na mama anayelisha foleni na kuandika programu ni mmoja tu, kwa hivyo mimi nimekubadilishia hata chakula anachouza. Siku nyingine fikiria mpaka mwisho.

Na hapo ndipo tatizo lako lote lilipo. Wewe ni mtu wa kuangalia. Umeangalia mishono, umeangalia lebo, umekaa kwa Mercyline asubuhi nzima, na hayo yote yananifurahisha, wanaume wengi hata hawajui tisheti ina mshono. Lakini hesabu mistari ya barua yako. Ya kitambaa ni mingi kuliko ya kwenda kwa Benedetta, kwa sababu ya kwenda kwa Benedetta hakuna hata mmoja. Wiki mbili unapita kwenye foleni unamwona binti, hujamsimamisha. Mama yuko hatua chache kutoka darasani kwako na wewe unamwandikia Mama Nasambu gazetini.

Yale maneno ya kipaza sauti nakusamehe, mdomo wa mtu huponyoka. Ya grupu sikusamehei. Ulimtangazia mwanamke mzima kilo zake mbele ya darasa zima na ukaita ni nia njema. Yeye alikuwa ametafuta njia ya kutoka na heshima yake, akasema atavaa nyumbani. Ungemwacha atoke nayo.

Sasa uniulize kwa nini watu wanadanganya saizi. Mbona unaniuliza mimi? Umeandika L. Fundi wako anakushonea ndogo, wewe ukaandika L, halafu ukaniambia hilo si la maana. Hilo ndilo la maana kuliko yote katika barua hii, na ulilificha katikati ya sentensi ndefu ukitumaini nitalipita. Hukutaka watu thelathini wajue wewe ni mwembamba. Benedetta hakutaka wajue yeye ni mnene. Uongo ni ule ule, umeelekea upande wa pili tu. Tofauti ni kwamba wako unaning'inia, na wa kwake haukupita kichwani.

Basi utafanya hivi, na uanze kesho. Nenda anakopikia, asubuhi, kabla foleni haijachangamka. Usiende na tisheti. Usiende na wanafunzi, wala mchungaji. Vaa ile L yako. Kaa kwenye benchi uagize chakula kama wateja wengine, na akikuletea umwambie, kwa maneno mafupi, kwamba ulikosea kwenye kipaza sauti na ukakosea zaidi kwenye grupu. Halafu umwonyeshe mabega ya hiyo tisheti yanapofika na umwambie uliandika L na kwa nini. Usimwambie yeye ni mrembo hivyo alivyo, hakukuuliza. Usimwambie darasa linamhitaji. Mwulize programu inaendeleaje, kwa sababu wewe mwenyewe umeona binti anazunguka tena na sahani, na mimi naona ama kuna kitu kimeharibika ama mama ameizima kwa uchungu. Hilo ndilo swali ambalo mwalimu anapaswa kumwuliza mwanafunzi. Akikujibu, nyamaza usikilize. Asipokujibu, maliza kula, umshukuru, na kesho yake urudi ule tena.

Kuhusu tisheti zenyewe, jibu unalo tangu siku ile uliyokaa sokoni, unaogopa tu kulitumia kwa sababu halina herufi. Zirudishe zile ambazo hazijavaliwa. Mwombe mchapishaji akupe mchanganyiko, ndogo mpaka kubwa kabisa, na nyingi ziwe kubwa, za pamba, rangi nzito isiyoonyesha jasho. Kata lebo zote za shingoni. Zitundike kwenye kamba katika kile chumba cha vyombo vya kwaya, weka pazia na kioo, na Mercyline akae ndani. Watu waingie mmoja mmoja, wewe uwe wa kwanza, Mercyline amwangalie mtu mabega na kumpa ya kushikisha, na anayetoka nayo ameondoka nayo. Wewe ukae nje na usiandike kitu.

Mikono ya tisheti iwe mipana kwa zote, si kwa Kizito peke yake, utaona hata matanboi watakushukuru. Nusu ya tisheti ziwe na vifungo mbele, na anayezitaka achukue bila kuulizwa kama ananyonyesha. Akiror atajua mwenyewe ashike ipi. Hiyo special yako uitupe kabisa. Ukishamtengenezea mtu kitu chake peke yake mbele za watu, umeshamsimamisha pembeni ya picha.

Na kama tarehe ishirini na nane Benedetta atakuja na gauni lake, aje na gauni lake, asimame katikati, na mpiga picha apige. Mlikusanyika kwa ajili ya programu. Nguo ilikuwa nyongeza.

Nitakuambia jambo moja nililokuwa sijamwambia mtu, kwa sababu wewe umeniambia la L bila kujua unaniambia. Mwaka juzi kwaya yetu kule Funyula iliagiza sare mpya. Karatasi ilipitishwa kwenye benchi tuandike saizi, ikaanza kwa Mugeni, mke wa katekista, ambaye ni mnene kunipita, naye aliandika M. Nikaangalia ile M yake, nikaandika M chini yake. Sare ilipokuja haikunipita mabegani. Siku ya kuimba nikatuma ujumbe kwamba nina homa, nikakaa nyumbani siku nzima, kitambaa cha kichwa nimekifunga, chai nimeiweka mezani vikombe viwili, nikingoja mmoja wao aje kunijulia hali.

Hakuna aliyekuja, na sijaimba tena tangu siku ile. Kwa hivyo wewe, Echodu, nenda.

Mama Nasambu