Bosi Harudi Kwenye Mashine

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limekuruhusu kupanda ngazi tena. Sisi tupo, tunajikaza. Nimempa wifi akuletee mkononi leo hii, kwa sababu simu zetu hupokei, na barua huwezi kuikata kabla sijamaliza.

Mjukuu wako tumetoka naye hospitali juzi. Kitanda chake tumekisogeza dirishani awaone wapita njia. Cheo chake cha Bosi bado anacho: kabla hatujatoka wodini alimfukuza kazi nesi mmoja kwa kumchoma sindano mara mbili, kisha akamrudisha alipoomba msamaha. Siku hizi anaongea kidogo, maana pumzi haimtoshi. Dawa ya maumivu nampa mwenyewe, na ikimkolea analala vizuri.

Daktari alitueleza bila kuzungukazunguka kwamba uvimbe umeingia kwenye mapafu na hakuna dawa iliyobaki ya kuuondoa. Alisema pumzi ikikatika tena wanaweza kumrudisha kwenye mashine ya kupumulia, lakini haitamponya, itarefusha tu. Au tukae naye nyumbani, tumtulize, tumwache aende. Akatuomba sisi wazazi tuseme. Mwanao, fundi friji huyo, akaanza kumuuliza mashine ile vipuri vyake vinapatikana wapi. Nilimwelewa. Maisha yake yote, kitu kikizima yeye hukiwasha.

Najua uliambiwa kwamba yeye ndiye aliyekataa mashine. Ulimwambia amemkatia tamaa mtoto wake, na tangu hapo hamjasemezana. Mama, si yeye. Ni mimi. Alikuwa bado anauliza habari za vipuri nilipomkatiza nikamwambia daktari kwamba mwanangu harudi kule. Mara ya kwanza walimfunga mikono kwa bandeji asichomoe mpira wa kooni, na macho yake yalinitazama mimi nimfungue. Sikumfungua. Safari hii hafungwi na mtu. Mwanao alilia, akakubali, halafu akaniomba nisimwambie yeyote. Maneno ya ndugu yaje kwake, mimi nibaki na nguvu za kumbeba mtoto. Nimemwacha asemwe kwa niaba yangu, na sasa basi.

Siombi radhi kwa nilichoamua. Kinaniuma kila nikimsikia anavyovuta pumzi, na hata nikiulizwa kesho nitajibu vilevile.

Njoo, Mama, usingoje habari nyingine. Bosi anakuulizia. Wasalimie wote hapo, na majirani waliotuombea. Ukifika, mpitie mwanao kwanza. Atakuwa nyuma ya nyumba, analia akidhani hatumsikii. Mkumbatie. Kisha uingie ndani unigombeze mimi, ila kwa sauti ya chini, mtoto asikie tu kwamba bibi amefika.

Mkweo akupendaye,
Mama Bosi