Mteja Asiyenunua Hata Sindano

Mdogo wangu Bobini,

Kuna jambo kuhusu barua za duka ambalo nimekuficha, na sitaki kuondoka nalo. Nimelitaja kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe. Sasa umekwisha kujua kwamba jambo lipo. Haya, tusalimiane.

U hali gani? Mgongo bado unakusumbua? Wanao wazima? Na yule mjukuu wako mtundu, ambaye nasikia alikata pazia la sebuleni ili amshonee paka koti, hajambo? Usimchape, hiyo ni damu yako. Mimi naendelea, kwa kadiri ya mtu ambaye daktari wake ameacha kumgombeza. Zamani kila nikienda alinisema kuhusu chumvi. Mara ya mwisho alinishika bega akaniambia nile ninachopenda, nami nikaelewa. Moyo umechoka, miguu imevimba, na ngazi za kwenda juu tumeagana nazo. Binti yangu amenitandikia kitanda katika kile chumba cha nyuma ya duka, tulimokuwa tukiweka meza za cherehani zilizongoja miguu. Nalala huku nasikia Fundi, yule yule wetu wa cherehani, akigonga na kulaani vyuma, na kelele hizo zimenifaa kuliko vidonge.

Bobini, unazikumbuka Jumamosi za barua? Mimi siku hizi sikumbuki nimekula nini asubuhi, lakini Jumamosi zile naziona kama nimeinua macho tu. Duka likifungwa, Mama anafuta kaunta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na mimi naketi kwenye taipureta kupiga stensili, ile karatasi ya nta. Wewe unangoja zamu yako na ile sindano butu ya kuchorea, ulimi nje, halafu unachora pembeni mwa maneno yangu: kibweta cha vifungo, mguu wa mwanamke kwenye pedali, uzi unaopita chini ya ukurasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama ndiye aliyezungusha mpini wa mashine ya kurudufu, wino umempanda hadi kwenye viwiko, akiimba wimbo ambao hakuwahi kuujua wote. Kisha tunakunja, tunatia kwenye bahasha, tunalamba stempu hadi midomo inakuwa na ladha ya gundi, na Mama anatuambia tusilalamike, kwani gundi nayo ni chakula.

Na sharti lake lile. Alisema barua isiyomfundisha mtu kitu ni ombaomba aliyevaa tai. Kwa hiyo kwanza tuliwafundisha watu kupaka mafuta, kubadili mkanda, kujua kwa nini uzi unakatika upande wa chini, na bei za vitu tulizitaja mwishoni, kwa haya, kama mgeni anayeuliza choo kiko wapi.

Hujasahau pia siku uliyoondoka, najua. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Ulikuja mezani na hesabu zako na michoro yako, ukaniambia watu wanaacha kushona, wananunua nguo zilizokwisha kushonwa, nasi tuuze nguo kabla hatujabaki na vyuma. Nilikujibu kwamba asiyeamini cherehani asile kwa cherehani. Fundi alikuwepo, na mpaka leo huniambia kwamba aliona maneno yale yakitoka mdomoni mwangu akatamani kuyadaka. Uliweka kalamu chini, ukavaa viatu, ukatoka kwa mlango wa mbele kama mteja. Tangu hapo tumekutana misibani tu, tukapeana mikono kama watu wa ofisi mbili. Ulikuwa umesema kweli, Bobini. Duka lilipona kwa sababu binti yangu alifanya baadaye yale uliyotaka sisi tufanye mapema, na siku alipoleta shehena ya kwanza ya nguo nilijifanya ninaumwa tumbo ili nisionekane.

Sasa nije kwenye programu. Binti yangu, ambaye hapa dukani sote tunamwita Meneja, aliamua kwamba barua za duka zifufuliwe, lakini ziende kwa barua pepe. Alisema kuna programu maalumu za kazi hiyo: unaweka anwani za wateja, unaandika barua moja, nayo inawafikia wote, kila mmoja akiitwa kwa jina lake. Nikamwambia mashine ya kurudufu ya Mama ilikuwa ikifanya hivyo, isipokuwa majina. Akasema, ndiyo Baba, na isipokuwa wino kwenye viwiko.

Alileta tatu tuzijaribu. Hakutaka tulipe kabla ya kujua, na katika hilo amerithi kwa bibi yake. Alichagua kikundi kidogo cha wateja tunaowafahamu, akawatumia barua kwa kila programu kwa zamu, kisha akawapigia simu kuwauliza walichopata. Ya kwanza ilikuwa nzuri mno kwa macho. Ilikuwa na kurasa za maua, picha zinazocheza, rangi zote za kitenge. Lakini wateja wengi walisema hawakuona kitu, na walipotafuta waliikuta barua imetupwa kwenye kapu la taka pamoja na za matapeli. Fundi akasema ndivyo ilivyo, msichana aliyejipamba kupita kiasi hata mlinzi wa mlangoni humtilia shaka. Ya pili ilikuwa ya bei nafuu, nyepesi, barua zake zilifika, na mteja aliyechoka nasi aliweza kujiondoa kwa kubofya mara moja tu bila kubembelezwa. Tena ilimruhusu mtu kuhama na anwani zake zote siku akitaka. Ripoti yake ilikuwa fupi: ilisema wangapi wamefungua barua, basi. Meneja aliipenda hiyo, na alikuwa sahihi. Mwenye duka yeyote akiniuliza leo nitamwambia achukue ya pili.

Ya tatu ilikuwa na sura mbaya. Vitufe vyake vimejificha, inakwenda kama cherehani iliyokaa bila mafuta, na bei yake inapanda kadiri wateja wanavyoongezeka. Siku ya kuijaribu niliketi karibu na Meneja nikisinzia. Ripoti ilipofunguka nikaona kwamba yenyewe haitoi jumla tu. Inataja kila mtu kwa anwani yake: huyu kafungua, huyu hakufungua, huyu kafungua akarudi tena. Na juu kabisa ya wote, aliyefungua barua yetu akarudi kuifungua tena na tena, ilikuwa anwani yako.

Meneja akaona nimeacha kusinzia. Akakiri kwamba alikuingiza yeye, na kwamba alikuuliza kwanza, nawe ukamjibu kwamba barua za biashara hazina ubaya, mtu hupokea hata za makampuni ya mikopo. Halafu akacheka akasema, ona Baba, mteja wako bora kuliko wote hanunui hata sindano.

Kesho yake tulikutana kuamua. Nilivaa koti. Nilizungumza kama nilivyokuwa nikizungumza nilipokuwa mwalimu wa hesabu: nikasema biashara ni kumjua mteja mmoja mmoja, nikasema jumla ni kipofu, nikasema tusiogope gharama. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama zile karatasi zake zinazoonyesha wazi kwamba ya pili ndiyo inayotufaa, akasema tuchukue ya tatu. Nilijisifu kwamba bado najua kushawishi watu. Ilinichukua muda kutambua kwamba hakushawishika hata kidogo. Alikuwa ananipa zawadi.

Basi nikawa mwandishi tena. Kila mwezi niliandika, Meneja akatuma, nami nikaingoja ripoti kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mwanawe. Sikuwatazama wateja wengine. Nilitelezesha kidole hadi kwako. Umefungua. Mara nyingine umefungua kabla hata chai yangu haijapoa. Nilikuwa nakwenda kumwambia Fundi, naye siku moja, kwa kunionea huruma au kwa kunichoka, akaniambia nisiwe mtoto. Alikuwa amesikia kwamba ripoti zile zinadanganya, kwamba kuna visanduku vya barua pepe vinavyofungua kila kitu vyenyewe hata mwenyewe akiwa amelala. Akasema mbuzi akipita karibu na simu, programu inaandika kwamba barua imesomwa.

Nakuambia, Bobini, neno lile liliniumiza kuliko la daktari. Nilimuuliza Meneja, naye kwa sauti ya chini akasema ni kweli, huwezi kuwa na hakika. Nikaona kwamba labda nimekuwa nikishangilia mashine inayofungua mlango mbele ya chumba kitupu.

Ndipo nikapata hila. Katika barua iliyofuata niliandika kumbukumbu ya Mama, nikasema cherehani yake ya kwanza, ile iliyoanzisha duka, ilikuwa nyeusi yenye maua ya dhahabu. Niliandika hivyo kwa makusudi. Nikatuma, nikalala, nikaamka, nikangoja. Jioni Meneja akaja chumbani na simu mkononi, akanipa nisome. Jibu lako halikuwa na salamu wala jina. Lilisema: Ilikuwa ya kijani, na maua yake aliyapaka Mama mwenyewe kwa rangi ya kucha.

Nililia, nisikufiche. Fundi alipita mlangoni akauliza nani amekufa, nikamwambia hajafa mtu, toka. Mashine haiwezi kujua kuhusu rangi ya kucha.

Na mimi, mzee mzima, msomi, nilijibu nini? Mwezi uliofuata nilichapa sehemu ya masahihisho: cherehani ilikuwa ya kijani, uongozi wa duka unamshukuru msomaji aliyetukosoa. Uongozi wa duka! Meneja aliposoma aliniuliza kama kiburi nacho nilikipaka mafuta kila wiki. Nilijua namna ya kukuandikia kama duka. Sikujua namna ya kukuandikia kama kaka. Kila nilipojaribu nilifika kwenye jina lako nikasimama hapo, kama cherehani iliyokatika mkanda, mguu unakanyaga na gurudumu halizunguki.

Leo nimefika, kwa sababu nimeambiwa hakuna muda wa kusimama. Naandika kwa mkono ili usidhani ni barua ya wengi. Neno lile la siku ile nalitengua mbele yako. Ulikula kwa cherehani kihalali kuliko mimi, maana wewe uliipenda kazi hata ulipoona mwisho wake, na mimi niliipenda kwa kufumba macho. Nilitaka kuandika kwamba sikuombi uje. Nimeifuta sentensi hiyo, kwa kuwa ni ya uongo. Njoo, Bobini. Usijibu, njoo. Kama mgongo hauruhusu safari, basi piga simu, Meneja ataniwekea sikioni, na kama huna la kusema nitasikiliza unavyopumua.

Nisalimie wanao wote, mkubwa kwa mdogo. Mwambie mshona makoti ya paka kwamba babu yake ana kibweta cha vifungo kinachomngoja, na kwamba kwa paka mkono ukatwe mshazari, la sivyo hataruka. Meneja anakuamkia. Fundi anasema ukija uje na tumbaku, nami nasema usithubutu.

Sasa lile jambo. Duka liliacha kutuma barua zamani, Bobini. Wateja siku hizi wanatumiwa picha na bei kwenye simu, nao hawataki zaidi, na Meneja alifunga kazi ya barua kabla ya mvua za mwaka juzi. Nilimwomba aniachie ile programu mbaya ya tatu, na amri yangu kwake ilikuwa moja, asikuambie. Nimejifunza vitufe vyake vyote. Kichwa cha barua ni cha duka, ushauri wa mafuta na mikanda ni wa kweli, lakini wale wasomaji wanaouliza maswali ukurasa wa pili, yule aliyetaka kujua kama kitambaa kilichochanika zamani kinaweza kushonwa palepale, yule aliyeuliza kama uzi wa zamani bado una nguvu, wote ni mimi. Kwenye programu imebaki anwani moja tu. Wale Wapendwa Wateja ninaowasalimu kila mwezi ni wewe peke yako.

Kaka yako