Kwa Nini Nazichapisha Barua Zako

Nekesa mjukuu wangu,

Habari ya huko Doha? Huku Kabiro, Kawangware, tuko, ingawa nyanya yako bado anakohoa na mvua imeingia mpaka jikoni.

Umeuliza kwa nini kila barua pepe yako naipeleka kwa cyber ichapishwe, na simu ninayo. Wacha nikwambie.

Kabla mvi hazijaniingia, nilifanya kazi ya cyber hapa Kawangware. Browser tuliyotumia ilikuwa na sehemu yake ya barua pepe humo ndani. Ilivuta barua kutoka mtandaoni, ikaziweka kwa kompyuta hiyo moja tu, na kule zilikotoka zikafutika. Hilo la kufutika sikulijua.

Mama Wafula, muuza omena, hakujua kusoma. Mwanawe aliyekuwa ng'ambo alikuwa ameaga dunia, na kila Jumamosi mama huyo alikuja nimsomee barua ya mwisho ya mwanawe. Wiki moja virusi vikaingia kwa ile kompyuta. Nikaifuta yote, nikijiambia barua ziko salama mtandaoni. Nikazitafuta, hakuna hata moja.

Jumamosi akaja. Niliogopa kumwambia. Nikakodolea macho skrini tupu, nikamsomea kutoka kichwani.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Umeruka pale anauliza kama mguu wangu umepona."

Hakurudi tena, na mimi sikumwendea.

Zako ziko kwa sanduku, Nekesa. Ukiandika, andika ndefu.

Guka wako