Albamu Yako Redioni

Kwa kaka yangu Sufyan, huko Doha,

Salamu nyingi kutoka Mjambere. Sote wazima, ila baba goti linamsumbua.

Jumamosi, kwenye redio ya chuo, nilipendekeza albamu mpya, na nilianza na yako. Nilijua baba anasikiliza. Tangu mlipogombana kwa ajili ya muziki ukaondoka, hajalitaja jina lako.

Niliporudi nilimkuta barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yule uliyemsifu, sauti yake imekomaa."

Niliketi karibu naye.

"Mwambie aje nyumbani ale. Kwenye picha ya jalada amekonda mno."

Wallahi kaka, picha hiyo sikumwonyesha mimi. Ameitafuta mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Shaza