Sura ya Tano Chini ya Roshani

Noto, Machi 1724

Kaka Liborio,

Salamu zikufikie huko Malta. Sisi tupo, mbuzi amezaa mapacha, na kanisa limefika juu. Jioni jiwe lake linang'aa kama asali. Hata wazee walioapa kutouhama mji wa zamani wamehamia huku kimyakimya. Waliosema tetemeko la mwaka 1693 limetumaliza waje waone.

Chini ya roshani ya jumba jipya la baroni nimechonga sura nne za kutisha. Akaniuliza, "Gaspare, huyo mwenye pua kubwa si mimi?"

"Hapana, bwana. Wewe hutishi hivyo."

Jiwe la tano bado tupu. Nataka liwe mama, akiwachekea wapita njia. Shangazi anasema alikuwa na kishimo shavuni, ila shavu lipi, hakumbuki. Mimi nilitolewa kwenye kifusi ningali nanyonya. Uso wake unao wewe peke yako.

Vumbi la mawe limenikaa kifuani, kaka, siku hizi nyundo naiona nzito. Baroni anataka jukwaa la ujenzi lishushwe. Nimemwambia fundi wa sura ya tano yuko njiani kutoka Malta.

Mdogo wako,
Gaspare